Boti ya Kesho

Mwalimu aliita jina la maiti darasani, tena kwa sauti nzuri kabisa, na tangu hapo nyumba ile ya ghorofani kule Malindi ya Unguja haikukaa sawa tena.

"Khatib? Khatib, upo?"

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na dakika tano alasiri. Darasa lenyewe lilikuwa ndani ya simu, na simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Radhiya alikuwa mkekani na nguo zake nyeupe za eda, daftari mapajani, kamera kaizima kama siku zote. Simu ilikuwa ya mumewe. Kwenye kile kisanduku cheusi lilikuwa linatokea jina alilojiandikia Khatib mwenyewe siku aliyoinunua, Khatib Bandarini, na Radhiya tangu afiwe hajalibadilisha. Si kama hajui. Kazi ya vidole viwili tu ile. Lakini kila akifika pale pa kubadilishia, huiweka simu chini akajitia kushughulika na jambo jengine. Mwalimu Rahila, aliyekuwa akisomesha kozi ya Fasihi ya Watoto kutoka bara, siku zote huita kwa orodha ya chuo, na orodha inasema Radhiya. Siku ile orodha hakuwa nayo. Akawa anaita anachokiona.

Radhiya akafungua maiki aseme nipo. Hakuwahi.

"Mama! Mwalimu anamwita baba!"

Nadra huyo, miaka mitano na nusu, katoka chumbani mbio na makombo ya mkate wa kumimina bado yako kidevuni. Kwa kawaida saa kama ile huwa chini anacheza. Lakini asubuhi kampiga Suhaib, mtoto wa jirani, kwa kandambili mpaka mdomo umevimba, kwa hiyo leo kafungiwa ndani.

"Nadra, kaa kimya, mama anasoma."

"Baba yumo? Baba yumo humo ndani?" Akapiga magoti, akaleta mdomo karibu kabisa na simu. "Baba! Mie Nadra! Unakuja na boti gani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Watu ishirini na moja. Hawakuwa na ubaya, maskini, hawakujua. Walichojua ni kwamba mwenzao wa Unguja anatumia simu ya mume na wao kwa utani walishamzoea kumwita Bwana Khatib. Wakil, kijana mmoja wa Pemba asiyejua kunyamaza, akasema, "Bwana Khatib, jibu basi! Mtoto anataka kujua boti!"

Radhiya akafunga maiki. Akaandika kwa kidole gumba: Nipo.

"Haya," akasema Mwalimu Rahila, na mwenyewe anacheka, "tusikilizane. Kazi ya mwisho, alama sitini. Unaandika hadithi ya mtoto wa miaka minne mpaka sita. Iwe juu ya jambo zito analoishi nalo mtoto unayemjua. Jumanne ijayo unamsomea mtoto wa kweli mbele yetu, kamera wazi. Na mtoto aachwe aulize. Mimi alama zangu ziko kwenye maswali yake."

"Mwalimu, na asiye na mtoto?" akauliza Wakil.

"Aazime."

Wakacheka tena. Radhiya hakusikia. Alikuwa anamtazama Nadra, ambaye kaigeuza simu nyuma mbele, anatafuta pa kuchungulia.

*

Hilo la boti lina asili yake.

Khatib alikuwa mchukuzi wa mizigo bandarini. Siku moja akaanguka na gunia mgongoni, na kabla hajafikishwa hospitali kashakata roho. Saa ile ile, kabla maiti haijaletwa nyumbani, mama yake, Bi Mwatima, akaamuru mtoto aondoshwe. Nadra akachukuliwa akapelekwa Makunduchi kwa shangazi yake, akakaa siku tisa, akacheza na mbuzi. Aliporudi nyumba ishafagiliwa, wageni washaondoka, mama yake kavaa nyeupe na hatoki nje. "Baba yuko wapi?" akauliza. Bi Mwatima akajibu haraka haraka, "Kasafiri, bibi. Kapanda boti." Ndivyo wanavyoambiwa watoto wengi, ukiuliza utaambiwa si vibaya, mtoto husahau.

Huyu hakusahau. Nyumba yao dirisha linaangalia bandarini. Kila boti ikipiga honi, Nadra mbio dirishani, kashika nondo kwa mikono miwili, anahesabu abiria wanaoshuka na mabegi. Na kila siku anauliza, "Kwa nini mama hatoki?" Hapo ndipo Bi Mwatima alipozidi kujitia shimoni. Akamletea kopo la maziwa ya unga, akalijaza komwe, nyengine za bao la marehemu mumewe, nyengine kaokota pwani, mia na ushee, sawa na siku za eda zilizobaki. "Kila asubuhi toa moja," akamwambia. "Zikimaliza, mama atatoka."

Alimaanisha eda. Mtoto akafahamu vyengine. Kwani mama anamngoja nani ndani siku zote hizo kama si baba? Kwa akili ya Nadra, komwe ya mwisho ikitoka, mama atavaa buibui, watashuka ngazi wote watatu, watakwenda getini kumpokea baba. Na Bi Mwatima alipokuja kuling'amua hilo hakulikanusha. Alisema, "Inshaallah."

Jumanne ile ya kuitwa Khatib, kopo lilikuwa na komwe tisa.

*

Badria wa chini, mama yake Suhaib, alipanda magharibi kuja kulalamika, na badala ya kulalamika akaishia kulia.

"Sikuja kwa ugomvi, Bi Mwatima. Shikamoo."

"Marahaba. Mtoto wako ana adabu mbovu."

"Suhaib kasema alichokisikia. Alisema tu, baba yako kafa."

"Polepole!" Bi Mwatima akaangalia mlango wa chumbani. "Mtoto wa nani anasema maneno hayo? Umemfunza nini?"

"Bibi, mtaa mzima ulisimama pale chini kwenye jeneza. Suhaib mwenyewe alikuwepo. Nimwambie hakuona?" Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Kanambia, mama, Nadra kanipiga halafu kaniambia mwongo. Mie mwongo? Nikakosa jibu, wallahi."

Radhiya alikuwa anakunja nguo. Akasema bila kuinua uso, "Mama, niruhusu nimwambie."

"Nini?"

"Nadra. Niruhusu nimwambie. Siku zinamaliza. Siku ya kutoka eda wanawake watajaa humu, nani atamzuia asisikie?"

"Mtoto hapewi msiba, Radhiya. Mtoto hapewi."

"Kashapewa, mama. Ila hajaambiwa kama kapewa."

Bi Mwatima alikaa kitandani. Ni mwanamke mkubwa wa mwili, ana presha, na nyumba ile hata kikombe kikianguka watu huambizana, "Msimpandishe Bibi presha." Nadra mwenyewe ndiye mlinzi mkuu, Suhaib akipiga kelele ngazini hutoa kichwa akamwambia, "Shhh! Presha!"

"Nisikilize," akasema Bi Mwatima. "Wewe unasema marehemu Khatib. Badria anasema marehemu. Kule bandarini wenzake wananitumia salamu, mama wa marehemu. Sheha wa mtaa kaja na karatasi, imeandikwa marehemu. Dunia nzima, kiumbe mmoja tu bado anamwita mwanangu kama mtu atakayerudi kula chakula chake. Mmoja. Na wewe unataka kumnyamazisha."

Badria alishuka ngazi taratibu, na kile alichokuja kudai kimemtoka kichwani.

*

Kozi yenyewe Radhiya angeiacha zamani. Watu walimsema. Wengine wanakaa eda na tasbihi, yeye anakaa na simu! Lakini Khatib alilipa ada yote siku ya kwanza, kaitoa mfukoni pesa zimekunjana kwa jasho, akasema, "Mwalimu Radhiya, hizo." Na hapo Bi Mwatima, mkali kama alivyo, alisimama upande wa mkwewe. "Kalipa mwanangu kwa mgongo wake. Hazipotei. Soma." Isitoshe kuna skuli ya chekechea Mtoni, Radhiya alikuwa msaidizi pale, na mwalimu mkuu kamshikia nafasi ya ualimu kamili mpaka muhula ufunguliwe. Cheti tu. Bila cheti, nafasi inakwenda kwa mwengine, na nyumba ile hivi sasa inakula kwa kuuza visheti vya Bi Mwatima.

Basi akaandika. Siku tatu aliandika hadithi ya sisimizi. Baba Sisimizi anabeba punje za mchele ghalani, punje moja kubwa kumshinda yeye. Ana binti, anaitwa Kisisimizi. Siku moja Baba anabeba punje kubwa kuliko zote, anapotea, Kisisimizi analia, na mwisho Baba anarudi na chembe ya sukari, wote wanafurahi. Akamtumia mwalimu aione kwanza.

Ijumaa baada ya sala Mwalimu Rahila akapiga simu.

"Radhiya, nimeisoma. Unaandika vizuri mno, nakwambia kweli. Mtu anayependa watoto kaandika hii."

"Ahsante, mwalimu."

"Ila nina swali moja. Baba alikuwa wapi?"

"Vipi?"

"Kapotea, halafu kaja na sukari. Katikati alikuwa wapi? Mtoto wa miaka mitano atakuuliza. Watu wazima ndio tunaruka, wao hawaruki."

Kule upande wa pili Mwalimu Rahila alikuwa kafungua ukurasa wa alama, kalamu iko mkononi, ana kazi nyengine kumi na nane za kusahihisha. Akasikia mtu anavuta pumzi, halafu sauti ndogo inasema, "Hakurudi, mwalimu. Yule ni mume wangu. Nipo eda. Na mtoto aliyeuliza boti siku ile ndiye wake. Hajui."

Mwalimu Rahila aliiweka kalamu. Alikumbuka kicheko. Chake kilikuwa kikubwa kupita vya wanafunzi.

"Nisamehe," akasema. "Ewe mdogo wangu, nisamehe. Kazi hii unaweza kuiacha. Nitakupa nyengine, andika insha tu, sitaki kamera, sitaki mtoto."

"Na alama?"

"Zile zile."

Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi. Radhiya angeandika insha, angepata cheti, asingemgusa mtu. Usiku wake ungekuwa mwepesi. Alishukuru, akakata simu, na siku ile ile akaanza insha.

*

Kilichomrudisha kwenye hadithi ni viatu.

Jumamosi Nadra alitoa komwe, akazipanga zilizobaki sakafuni. Tano. Akamwendea bibi yake jikoni.

"Bibi, mie nitavaa nini siku ya kumpokea baba?"

"Gauni lako la Idi."

"Na viatu? Vimenibana. Baba ataniona nachechemea."

Bi Mwatima alizima jiko. Alivaa buibui, akafungua pindo la kanga alimoweka pesa za visheti, akateremka. Alikwenda mpaka Darajani kwa miguu, na presha yake ile, jua la saa sita, akachagua, akabishana na muuzaji, akarudi na viatu vyeupe vya kuwaka taa kisiginoni. Elfu kumi na nane. Nadra alipovivaa na kukanyaga, taa nyekundu na za buluu zikamemeteka sakafuni, akapiga kelele ya furaha, halafu mwenyewe akajiziba mdomo. "Presha!"

"Tembea tuone," akasema Bi Mwatima, na uso wake umechangamka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Baba ataniona tangu yuko ndani ya boti!"

"Atakuona, bibi. Tangu huko mbali."

Radhiya alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Akangoja mtoto aende chumbani kujionyesha kwenye kioo.

"Mama," akasema, "Alhamisi kopo litakuwa tupu. Atavaa viatu vile. Tutamshika mkono. Tumpeleke wapi?"

Bi Mwatima akatazama mikono yake.

"Niambie tu wapi, mama. Mie ntampeleka."

"Sijui," akasema mwanamke yule mkubwa. "Sijui, Radhiya. Niliona nitapata la kusema."

Radhiya aliingia ndani akaichana ile insha.

*

Jumanne Bi Mwatima alikwenda Mtoni kualika jamaa kwa shughuli ya kutoka eda. Ilikuwa Jumanne ya darasa, na alijua Nadra atasomewa nini. Alipofunga buibui alisimama mlangoni muda mrefu, kama mtu aliyesahau kitu.

"Nitarudi baada ya alasiri," akasema. "Kama nitachelewa, nitachelewa."

Ile ndiyo ruhusa, au ndivyo Radhiya alivyoichukua.

Badria alipandisha vocha ya bando. Hakukubali kulipwa, akasema hiyo fidia ya maneno ya Suhaib, akashuka. Radhiya akaegemeza simu kwenye chupa ya chai, akajitanda vizuri, akamkalisha Nadra mapajani. Zamu yake ilipofika akafungua kamera.

"Ah! Leo Bwana Khatib katoa uso!" akasema Wakil. Halafu akaiona ile nyeupe. Wa Pemba huyo, hahitaji kuelezwa. Akasema, "Astaghfirullah," kwa sauti ya chini, na hakusikika tena.

"Karibu, Radhiya," akasema Mwalimu Rahila. "Una hakika?"

"Nnayo." Akafungua daftari. "Nadra, masikio yapo?"

"Yapo mawili!"

"Chini ya ghala la mchele aliishi Baba Sisimizi na binti yake Kisisimizi. Kazi ya Baba ilikuwa kubeba. Akibeba punje ya mchele, ukimtazama kwa mbali unaiona punje inakwenda peke yake."

Nadra akacheka. Kule kwenye visanduku wakatabasamu.

"Kila jioni Kisisimizi alimsikia Baba kabla hajamuona, kwa sababu Baba akija alikuwa anapumua hivi: hu, hu, hu."

"Kama baba akipanda ngazi!"

"Kama baba akipanda ngazi. Siku moja Baba Sisimizi akabeba punje kubwa kuliko zote. Akapiga hatua moja. Akapiga ya pili." Radhiya akasimama kidogo. Aliiandika sentensi ile mara nyingi mpaka karatasi ilitoboka. "Ya tatu hakuipiga."

"Kwa nini?"

"Moyo wake ulisimama. Wenzake wakamzunguka. Wakaiweka ile punje chini. Wakambeba yeye."

Nadra aligeuka akamtazama mama yake usoni. "Wakampeleka wapi?"

"Wakamlaza kwenye udongo laini."

"Akaamka lini?"

"Hakuamka."

"Alichoka sana?"

"Alikufa, Nadra."

"Kama paka wa Suhaib?"

"Kama hivyo. Mtu akifa, mwili haurudi. Hata umngoje."

Mtoto akafikiri. Kidole kimoja kilikuwa kinachora juu ya daftari, kinafuata mistari. "Na Kisisimizi alikuwa wapi? Mbona hakumuona?"

Hilo daftarini halikuwemo. Radhiya alilitafuta hata hivyo, akageuza ukurasa, akaurudisha.

"Alipelekwa kwa shangazi yake," akasema.

Kidole kikasimama.

"Makunduchi?"

"Makunduchi."

Mle ndani ya simu Mwalimu Rahila alikuwa kajiziba mdomo kwa kiganja.

"Alicheza na mbuzi?" akauliza Nadra.

"Ndiyo, mwanangu."

"Mie siku ile nnacheza na mbuzi, baba kafa?"

"Ndiyo."

"Nilikuwa nacheka."

"Hukujua, mama. Hukujua. Hatukukwambia."

Nadra hakulia kwanza. Alijilaza kifuani kwa mama yake na kile kichwa kikawa kizito ghafla, kama mtoto aliyeshikwa na homa. Halafu akalia, lakini kwa sauti ya chini, huku kaiziba kwa mkono wake mwenyewe, ile tabia aliyofunzwa ya kutompandisha mtu presha. Kile kilio cha kuzibwa ndicho kilichomvunja Radhiya. Akasahau kama kuna kamera. Akasahau kama kuna darasa.

Mtu wa kwanza kuzima kamera yake alikuwa Wakil. Halafu msichana mmoja wa Tanga. Halafu mwengine, na mwengine. Hakuna aliyewaamrisha. Kisanduku baada ya kisanduku kikawa cheusi, wanamsitiri mwenzao, mpaka kikabaki kimoja tu chenye watu, mwanamke wa nguo nyeupe na mtoto mapajani, na chini yake limeandikwa jina, Khatib Bandarini. Mwalimu Rahila akalitazama jina lile. Akafunga darasa.

*

Walikaa pale mkekani muda mrefu. Chai ikapoa. Nadra akajifuta pua kwa kanga ya mama yake, akauliza mambo madogo madogo. Kama baba kule ana mto. Kama mvua inaingia. Kama alibeba simu, halafu akajijibu mwenyewe, hapana, simu hii hapa. Radhiya alimjibu kila moja, asilolijua akasema silijui.

Halafu mtoto akakaa wima.

"Mama. Bibi anajua?"

"Anajua nini?"

"Kama baba kafa."

Radhiya hakufahamu swali lilikokuwa linakwenda. "Kwa nini?"

"Maana kila siku anasema atarudi. Juzi kaninunulia viatu." Nadra alikuwa anafikiri kwa nguvu zake zote, paji la uso limekunjana. "Bibi hamjamwambia."

"Nadra..."

"Mlimficha na yeye?"

Radhiya akamtazama. Amwambie Bibi anajua? Basi itakuwa Bibi ni mwongo, na mtoto huyu keshapoteza mmoja leo. Akamshika mkono tu.

"Tusimwambie, mama," akasema Nadra, ananong'ona. "Baba ni mwanawe. Atalia. Presha itapanda, na yeye hatapiga hatua ya tatu."

Ngazini wakasikia buibui linaburura, na pumzi za mtu mzima anapanda. Nadra akateremka mapajani haraka. Akaenda kwenye ndoo, akanawa uso, akajifuta kwa gauni. Viatu vya taa vilikuwa vimepangwa mlangoni, pua zimeelekea nje. Akavivaa.

Bi Mwatima aliingia na kikapu cha halua mkononi. Alimtazama Radhiya kwanza, macho yamevimba, akayaelewa. Akakiweka kikapu chini. Akageuka kwa mjukuu wake polepole, kama mtu anayegeuka kuuona moto unakotoka.

Nadra alikuwa anatabasamu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu." Akakohoa. "Komwe... zimebaki ngapi leo?"

"Mbili, Bibi."

Wakati ule ule boti ya kutoka Dar ikapiga honi. Dirisha lote likatetemeka. Radhiya akamuona mtoto anashtuka, anaitazama sakafu, halafu anaondoka, miguu inawaka nyekundu na buluu mpaka dirishani. Akashika nondo kwa mikono miwili. Chini kule abiria walikuwa wanashuka na mabegi yao, watu wanawakimbilia, watoto wanabebwa juu. Nadra aliwatazama wote, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho, na bibi yake amesimama nyuma hathubutu kuuliza.

Alipogeuka, ule uso mdogo alikuwa kautengeneza.

"Leo hayumo, Bibi," akasema. "Usisikitike. Labda boti ya kesho."